Picha ghafi za machweo kutoka Ngong: kila nikiangaza vivuli, madoa ya zambarau yanatokea

Kamera ya Mtumba aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwanagenzi katika upigaji picha, na naomba msaada wenu kwa jambo ambalo limenisumbua kwa wiki mbili sasa. Mwezi uliopita nilinunua kamera iliyokwisha kutumika pamoja na lenzi moja ya kawaida, na kwa ushauri wa rafiki nikaiweka ihifadhi picha ghafi (RAW), yaani zile ambazo kamera haijazipika, badala ya JPEG, kwa kuwa niliambiwa kwamba picha ghafi huvumilia kuhaririwa. Siku ya Jumamosi nikapanda vilima vya Ngong pamoja na wenzangu watatu, tukalingoja jua lizame upande wa Bonde la Ufa. Picha niliyoitaka ni rahisi kuieleza: anga la rangi ya chungwa juu, bonde lenye ukungu wa buluu katikati, na karibu yangu nyasi pamoja na mti mmoja uliopindwa na upepo.

Kwenye kioo cha kamera picha ilipendeza mno. Nilipofika nyumbani na kuifungua katika kompyuta kwa programu ya darktable, nilidhani nimefungua picha ya mtu mwingine. Rangi zilikuwa zimepauka, anga halina uhai, na nyasi ni weusi mtupu. Nikasukuma kitelezi cha vivuli hadi mwisho, na kweli nyasi zikajitokeza, ila zilitokea zimejaa chembechembe kama mchanga, na juu ya mchanga huo kuna madoa ya zambarau, hasa kwenye shina la mti. Nikaongeza nguvu ya kuondoa chembechembe. Madoa yakapungua, lakini nyasi zikawa kama uji. Hakuna unyasi mmoja unaoweza kutofautishwa na mwenzake.

Vipimo nilivyotumia ni hivi: tundu la lenzi f/11, kasi ya shata 1/125 ya sekunde, ISO (kiwango cha ukuzaji) 1600, kamera mkononi, saa kumi na mbili na dakika arubaini jioni. Nilichagua kasi hiyo kwa kuogopa mkono kutikisika, na f/11 kwa sababu nilisoma mahali kwamba picha za mandhari hupigwa hivyo. Histogramu, yaani mchoro unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, imelala yote upande wa kushoto, na upande wa kulia kuna nafasi kubwa iliyobaki tupu.

Naomba kujua kwa nini kioo cha kamera kilinidanganya, kama picha hii inaweza kuokolewa, na kama kosa nililifanya mlimani au ninalifanya hapa mezani. Kwa kuogopa kuharibu faili la asili, nimekwisha kulinakili mara nne.

Mtazama Bonde alijibu:

Karibu sana, ndugu yangu, na pole kwa wiki hizo mbili. Nianze na hofu yako ya kuharibu faili, kwa sababu ndiyo nyepesi kuiondoa. Darktable haigusi faili ghafi hata kidogo. Kila unachokifanya huandikwa pembeni, katika kifaili kidogo chenye kiishio cha xmp na katika hifadhi ya programu yenyewe, na ukifuta historia ya mabadiliko, picha hurudi ilivyotoka kwenye kamera. RawTherapee, ambayo nayo hupatikana bure, hufanya vivyo hivyo. Nakala zako nne zinakula nafasi tu.

Kuhusu kioo, ulichokiona pale mlimani hakikuwa picha ghafi. Karibu kila kamera inapohifadhi faili ghafi, hupachika ndani yake JPEG ndogo iliyokwisha kupikwa: kontrasti imeongezwa, rangi zimekolezwa, chembechembe zimefutwa na ukali umetiwa. Hiyo ndiyo inayoonyeshwa kiooni, tena kioo chenyewe kikiwa kinawaka mahali penye giza mbele ya jicho ambalo limekwisha kulizoea giza hilo, ndiyo maana hata picha yenye mwanga haba huonekana inang'aa. Histogramu ya kamera nayo huchorwa kutokana na JPEG hiyo hiyo, kwa hiyo inapokuambia kwamba anga limeungua, mara nyingi faili ghafi bado lina akiba kidogo. Programu ya kompyuta inakupa unga. Ugali unausonga mwenyewe.

Sasa kosa. Kwa maoni yangu kubwa lilifanyika mlimani, ingawa mezani pia umeliongeza. Faili ghafi la kamera nyingi za leo hurekodi kila pikseli kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 kutoka weusi hadi weupe, ilhali JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Ngazi hizo, hata hivyo, hazigawanywi sawa. Sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, huuhesabu moja kwa moja, kwa hiyo nusu nzima ya ngazi, 8,192, huangukia katika stopu iliyo angavu kuliko zote (kila stopu ni mwanga mara mbili ya ile iliyo chini yake). Stopu inayofuata hupata 4,096, ile ya tatu 2,048, na kuendelea kupungua kwa nusu. Kama nyasi zako ziliangukia stopu ya saba kutoka juu, basi zilibakiwa na ngazi 128, na wewe unazivuta zijaze nafasi iliyohitaji maelfu. Ndiyo maana zinararuka.

Ili kuiokoa hii uliyonayo, kwanza rudisha kitelezi cha vivuli kwenye sifuri. Kisha tumia moduli (kifaa cha programu) ya mwanga wa jumla na uiongeze picha nzima stopu moja, au moja na nusu, huku ukitazama anga. Nafasi tupu uliyoieleza upande wa kulia wa histogramu ndiyo utakayoitumia. Baada ya hapo weka barakoa ya mteremko, yaani ile inayoanza kwa nguvu chini na kufifia kuelekea upeo wa macho, na uangaze sehemu ya mbele peke yake kwa kiasi kidogo, kama nusu ya stopu. Usizitafute nyasi zote. Chembechembe za rangi ziondoe kikamilifu, kwa sababu hakuna jicho linalozipenda, lakini zile za mwanga, zinazofanana na mchanga, ziache kiasi. Darktable ina moduli ya kuondoa chembechembe ambayo hutumia vipimo vilivyochukuliwa kwa kila aina ya kamera na kila kiwango cha ISO. Ukiiwasha bila kuibadilisha chochote itakufaa zaidi kuliko kubahatisha. Ukali utie mwisho kabisa, tena kwenye shina la mti na mstari wa kilima tu, kwa kuwa ukali ukitiwa kwenye anga hunoa chembechembe zenyewe.

Fundi Taa alijibu:

Nakubaliana na mengi aliyosema Mtazama Bonde, na hasa mpangilio wa kazi, lakini hoja ya ngazi naomba niipinge kwa heshima, maana imezagaa kila mahali na huwapeleka wanagenzi kwenye sababu isiyo yenyewe. Upungufu wa ngazi ungeleta mistari na vidaraja kwenye rangi, si mchanga. Mchanga unaletwa na mwanga wenyewe.

Chukua mabakuli mawili yanayolingana, uyaweke nje manyunyu yanapoanza. Baada ya sekunde chache utakuta moja lina matone 9 na jingine 14, ingawa mvua iliyoyanyeshea ni moja. Yaache kwa nusu saa, na kiasi cha maji kitalingana hadi usione tofauti. Pikseli za sensa ni mabakuli hayo, na mwanga huja kwa matone, yaani fotoni. Pikseli inayotarajiwa kupokea fotoni 100 hupanda na kushuka kwa takriban 10, ambayo ni asilimia 10; ile inayotarajiwa kupokea 10,000 huyumba kwa takriban 100, ambayo ni asilimia 1 tu. Kuyumba huko ndiko unakokuona kwenye nyasi. Hakuna kitelezi kinachoweza kukurudishia matone ambayo hayakuanguka.

Zambarau nayo ina sababu yake. Sensa nyingi hupokea kijani kwa wingi kuliko nyekundu na buluu, kwa hiyo ili weupe uwe weupe, programu huzidisha nyekundu na buluu. Inapozidisha, huzidisha na kuyumba kwake. Kwenye vivuli vizito, ambako kilichomo ni kidogo na sehemu kubwa yake ni kuyumba, nyekundu na buluu zilizovimba huishinda kijani, na mchanganyiko wa nyekundu na buluu kila mtu anaujua.

Tuvitazame sasa vipimo vyako, ndugu Kamera ya Mtumba. Kutoka f/11 hadi f/8, ambalo ni tundu pana zaidi, ni stopu moja. Kutoka 1/125 hadi 1/4 ya sekunde ni stopu tano: 1/60, 1/30, 1/15, 1/8, 1/4. Jumla ni stopu sita, na kwa kuwa kila stopu huzidisha mwanga mara mbili, ungeipa sensa mwanga mara 64 ya ule ulioipa. Kwa kuyumba, hiyo ni nafuu ya mara nane. Ukiishusha ISO kutoka 1600 hadi 100 umeondoa stopu nne za ukuzaji, kwa hiyo picha ingetoka angavu zaidi ya ile yako kwa stopu mbili tu, na nadhani nafasi tupu uliyoieleza ingetosha kuzipokea. Hapo ndipo faida ilipo: picha inakaribiana kwa mwonekano, lakini moja imejengwa kwa mwanga na nyingine kwa kukuza kilichokosekana.

Wengi hapa husema ISO ndiyo inayoleta chembechembe. Si hivyo. ISO haiongezi wala haipunguzi mwanga unaoingia. Kama shata na tundu haviwezi kubadilika, kwa mfano unapiga ndege anayeruka jioni, kupandisha ISO hakuna ubaya, na kwa kamera kadhaa ni bora kuliko kupiga giza na kuangaza baadaye. Kwenye mandhari, ambako kilima hakiendi popote, hakuna sababu ya kufika huko.

Maharagwe Kilo Mbili alijibu:

Mambo ya 1/4 ya sekunde yanahitaji stendi ya miguu mitatu, na stendi nzuri ina bei. Mimi kwa mwaka mzima nilitumia mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe makavu kilo mbili, ulioshonwa na fundi wa nguo kwa bei ya chai. Unauweka juu ya jiwe, unaikandamizia kamera mpaka itulie, unatumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kiwe kimekwisha kuondoka shata inapofunguka. Ukinunua stendi, pale Ngong upepo ni mkali, kwa hiyo usiinyooshe nguzo yake ya katikati, na utundike mkoba wako chini yake uizuie. Na kama lenzi yako ina kitulizi cha mtikisiko, kizime kamera ikiwa kwenye stendi, maana baadhi ya lenzi za zamani hujitikisa zenyewe zikitafuta mtikisiko usiokuwapo.

Kamera ya Mtumba alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimefuata hatua za Mtazama Bonde na picha imekuwa afadhali, ingawa mfano wa mabakuli ndio ulioniingia, na sasa ninaona aibu kwa wiki mbili nilizozimaliza nikiwinda matone ambayo hayakuanguka. Nina maswali mawili yaliyobaki kabla sijarudi mlimani. Mosi, rangi ya chungwa ya anga, ambayo niliiona kwa macho yangu, imekuwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na hata nikiikoleza haifanani na ile niliyoiona. Pili, nikiiangaza sehemu ya mbele kiasi cha kuonekana vizuri, picha haionekani tena kuwa ya jioni. Inaonekana kama mchana mbaya.

Bi Machweo alijibu:

Mwanangu, swali lako la pili ndilo ambalo ningependa kila anayeanza aliulize, na wengi hawaliulizi. Nitalifikia, lakini rangi kwanza.

Kamera yako bila shaka ilikuwa kwenye urari wa weupe wa kujichagulia yenyewe. Kazi ya urari huo ni kuangalia rangi iliyotawala na kuiondoa, kwa kudhani kwamba ni kasoro ya taa. Jioni ile iliona chungwa kila mahali, ikatia buluu ili ilisawazishe, na chungwa lako likaondoka. Ukikoleza rangi baadaye unakoleza mabaki. Kwa bahati njema, faili ghafi halifungwi na urari wowote; namba hiyo imeandikwa tu kama pendekezo. Ifungue moduli ya urari wa weupe, andika kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500, ambayo ni kama mwanga wa mchana, na utazame. Chungwa litarudi papo hapo bila kukoleza chochote. Kutoka hapo unaweza kusogea kidogo juu au chini, lakini kidogo, kwa maana namba ikipanda mno hata ule ukungu wa buluu wa bonde utageuka manjano, na ni tofauti ya chungwa na buluu iliyokupandisha kilimani.

Siku ukigeuka upande wa mashariki na kuupiga mji wenyewe baada ya jua kuzama, jambo hili litakuwa gumu zaidi. Taa za barabarani za sodiamu ni za manjano nzito, za LED ni nyeupe inayoelekea buluu, na anga lina buluu yake. Hakuna namba moja itakayoziridhisha zote. Mimi huchagua namba inayolifaa anga, kisha taa za sodiamu naziacha ziwe za manjano, kwa sababu ndivyo zilivyo. Na mwanga wa taa hizo hukosa rangi nyingi kiasi kwamba gari la buluu lililoegeshwa chini yake haliwezi kurudishiwa buluu yake kwa urari wowote.

Sasa giza. Ulipokuwa pale juu, hukuziona nyasi. Ulidhani unaziona kwa sababu ulijua zipo, na ulikuwa umezikanyaga dakika chache zilizopita. Ukizileta kwenye picha zikiwa na rangi na majani yake yote, unamwambia mtazamaji kwamba jua halijazama, huku anga linamwambia kwamba limezama, naye atalihisi hilo hata kama hawezi kulitaja. Mimi hupima hivi: naangaza sehemu ya mbele mpaka inipendeze, halafu narudisha nusu ya nilichoongeza. Mti uliopindwa uache karibu uwe kivuli kamili dhidi ya anga. Umbo lake ndilo linalosema. Kuhusu zile programu zinazotumia akili bandia kuondoa chembechembe, ambazo naona hazijatajwa bado, zinafanya kazi nzuri kwenye majengo na nyuso, lakini kwenye nyasi za gizani mara nyingine hubuni nyasi. Nimewahi kuona kichaka kilichopewa majani ya aina ambayo haioti hapa kwetu.

Nikupe kisa kimoja kuhusu meza yako, kwa sababu sisi wote huhariri usiku baada ya kazi. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri picha ya Ngong chumbani taa zikiwa zimezimwa, kioo cha kompyuta kikiwa kimepandishwa hadi mwisho. Nikaipeleka duka moja la kuchapisha picha katikati ya mji, ikatoka nyeusi kama chungu. Nikagombana na kijana wa watu, nikadai achapishe tena, akachapisha, ikatoka vilevile. Nilipoiweka picha ile ile kwenye kompyuta yake, ambayo kioo chake kilikuwa na mwanga wa wastani, ikawa nyeusi kama ile ya karatasi, na ikabidi nimwombe radhi. Karatasi haina taa ndani yake. Siku hizi nawasha taa ya chumba, na kioo nakishusha mpaka ukurasa mweupe mtupu ulingane na karatasi nyeupe niliyoishika pembeni chini ya taa hiyo. Wenye kipimo huweka takriban kandela 120 kwa mita mraba, au chini kidogo, lakini karatasi hainidanganyi.

Jambo la mwisho ni saa. Sisi tuko digrii 1 na kidogo tu kusini mwa ikweta, jua huzama likienda karibu wima, na machweo yetu hayangoji mtu. Kutoka jua kugusa upeo hadi mwanga ule laini kuisha una dakika ishirini na kidogo. Mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya ya kaskazini, ambao wakati wa kiangazi hukaa saa nzima na zaidi wakibadilisha lenzi huku anga likiwasubiri. Wewe fika mapema, tafuta mahali pa stendi, weka fokasi kwa mkono ukingali unaona, na ujaribu vipimo kabla jua halijagusa kilima. Na mteremke kwa pamoja, si mmoja mmoja.

Fundi Taa alijibu:

Naongeza mawili kabla hujapanda. Piga fremu tatu bila kuisogeza kamera: moja kama nilivyokupa, moja pungufu kwa stopu mbili ili anga karibu na jua lisiungue, na moja iliyozidi kwa stopu mbili kwa ajili ya sehemu ya mbele. Ukiwa nazo tatu, unaweza kuchukua anga la hii na nyasi za ile, na huhitaji kusukuma kitelezi chochote hadi mwisho.

Pia kuna njia ya wavumilivu. Ukipiga fremu nne za vipimo vilevile na kuzichanganya kwa wastani, chembechembe hupungua kwa nusu. Ukipiga 16 hubaki robo. Ni mabakuli yale yale, ila unayaweka nje mara nyingi badala ya mara moja kwa muda mrefu. Kwa nyasi zinazochezwa na upepo haitakufaa, lakini kwa bonde na vilima vya mbali inafaa sana, hata kwa mwenye mfuko wa maharagwe.

Kamera ya Mtumba alijibu:

Nimerudi jana Jumapili. Nilifika saa kumi na moja na nusu, nikapata jiwe zuri, na nilikuwa na maharagwe (ya nyumbani, ambayo mama ameniagiza niyarudishe). Fremu niliyoitumia zaidi ni ya f/8, 1/4 ya sekunde na ISO 100. Ukanda mwembamba wa anga palipozamia jua uliungua, nikauchukua kutoka kwenye fremu iliyopunguzwa. Nilipoifungua kwenye kompyuta, hata kabla ya kugusa chochote, niliikuza hadi asilimia 100 kwenye shina la mti na magamba yake yalikuwa yanaonekana, rangi ya hudhurungi iliyokolea, wala hakuna zambarau hata doa. Mitambo ya upepo iliyoko mbali kwenye kilima imetoka na nguzo zake zikiwa kali na mapanga yake yakiwa kama pumzi kwenye kioo, jambo ambalo sikulitarajia na nimelipenda. Nyasi za karibu zimetikisika kidogo. Sehemu ya mbele niliiongeza stopu moja kisha nikairudisha nusu, kama nilivyoagizwa na Bi Machweo, na mti nimeuacha kivuli.

Kazi nzima ya kuhariri ilichukua dakika kumi na tano. Ile ya kwanza ilinichukua wiki mbili.

Limebaki moja dogo. Niliihifadhi kama JPEG na kuwatumia wenzangu kwa WhatsApp, na kwenye simu zao anga limekuwa na mistari ya ngazi ngazi, mahali ambapo kwangu rangi zinateleza kutoka chungwa hadi buluu bila mkato. Je, nimeharibu wapi?

Mtazama Bonde alijibu:

Hongera, na hapo ngazi zangu zimepata kazi yake hatimaye. Anga lisilo na chembechembe, lenye rangi zinazobadilika polepole, ndilo linaloteseka zaidi picha inaposhushwa hadi ngazi 256 za JPEG, na WhatsApp huibana tena ili iwe nyepesi kusafiri. Hakikisha umeihifadhi kwa sRGB, ule mpangilio wa rangi unaoeleweka na simu nyingi, na kwa ubora usiopungua 90 kati ya 100. Kabla ya kuihifadhi, rudishia anga chembechembe kidogo sana za mwanga, zile zile ulizokuwa unazikimbia, kiasi cha kutoonekana ukiitazama picha nzima. Huvunja mistari hiyo kabla haijajipanga. Kisha unapowatumia wenzako, iambatishe kama hati badala ya kuichagua kama picha, nayo itafika kama ilivyotoka kwako. Fremu zile tatu usizifute.